Kumtafuta fundi wa bunduki ya risasi moja isiyo na jina

Ndugu yangu, umeeleza kwamba katika mnada wa mali ya marehemu umenunua bunduki ya risasi moja yenye mtambo wa Winchester wa mwaka 1885, mtutu mzito wa pembe nane wa kaliba ya .32-40 (yaani risasi ya upana wa takriban inchi 0.32), vifyatulio viwili na kitako chenye mahali pa kuegemeza shavu. Kwamba haina jina la fundi mahali popote panapoonekana. Na kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa ni kazi ya Harry Pope, fundi mashuhuri wa mitutu wa Marekani. Unauliza kama hilo linaweza kuwa kweli, na uanzie wapi kulithibitisha. Nimeishi Colorado muda mrefu na nimekuwa nikikusanya bunduki za aina hiyo, kwa hiyo nitakueleza utaratibu ninaoufuata mimi mwenyewe.

Kwanza ligawe swali lako. Ukiuliza nani aliyetengeneza bunduki nzima, mara nyingi hutapata jibu, kwa sababu bunduki hizi zilipitia mikono kadhaa, kama nyumba ya Lamu ambayo aliyejenga kuta siye aliyechonga mlango. Mtambo, yaani kile kiini cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu na kubeba vifyatulio, ulitoka kiwandani. Mtutu ungeweza kutoka kwa fundi mwingine katika jimbo jingine, kitako kwa seremala wa tatu, na nakshi kwa mtu wa nne ambaye hakutia jina kabisa. Kwa hiyo mimi huandika majibu manne katika daftari langu, na baadhi yake hubaki wazi kwa miaka.

Kuhusu mtambo wako hakuna fumbo kubwa. John Browning wa Ogden, Utah, aliupatia hataza mwaka 1879. Kampuni ya Winchester ikainunua haki hiyo mwaka 1883 kwa dola 8,000, ikaanza kuuza bunduki hiyo mwaka 1885 na kuendelea hadi mwaka 1920, zikiwa zimetengenezwa takriban 140,000. Mtambo huo ulipendwa na walenga shabaha kwa sababu ya uimara wake, sawa na bunduki za Ballard za kampuni ya Marlin na za kampuni ya Stevens ya Chicopee Falls, Massachusetts. Wateja wakubwa walikuwa wanachama wa vyama vya shabaha ambavyo wahamiaji wa Kijerumani walivianzisha Marekani, ambako watu walipiga wakiwa wamesimama, umbali wa yadi 200, na nukta moja ingeweza kuamua nani aondoke na zawadi. Mtu wa namna hiyo hakuridhika na mtutu wa kiwandani. Aliupeleka mtambo wake kwa fundi aliyemwamini, naye akaufungia mtutu mpya. Vita Kuu ya Kwanza vilipoleta chuki dhidi ya kila kilichonukia Ujerumani, vyama vingi vilififia, na bunduki zikaingia kabatini au kwa wafanyabiashara ambao hawakujua walichoshika.

Hatua yangu ya kwanza huwa ni karatasi ya kiwandani. Makumbusho ya silaha ya Cody, Wyoming, yanatunza vitabu vya kumbukumbu vya Winchester, na kwa bunduki hii ya mwaka 1885 vitabu vilivyopo vinagusa takriban namba 110,000 za mwanzo. Kwa ada watakuandikia barua inayoeleza kaliba, urefu na umbo la mtutu, aina ya kifyatulio, siku bunduki ilipoingia ghalani na siku ilipotoka, na mara nyingine kama ilirudishwa kiwandani kufanyiwa kazi. Thamani ya barua hiyo iko katika tofauti kati yake na kile ulicho nacho mkononi. Bunduki yangu moja, niliyoipata hapa Colorado, barua yake inasema ilitoka kiwandani ikiwa ya .38-55 yenye kifyatulio cha kawaida. Leo ni ya .32-40 yenye vifyatulio viwili na wenzo wa chini uliokunjwa kwa ustadi kuufuata mkono. Tofauti hiyo ilinihakikishia kwamba kuna fundi wa pili, kabla sijafungua skrubu hata moja. Kwako wewe, barua ikisema kwamba ilitoka kiwandani ikiwa na mtutu wa .32-40 wa pembe nane, wenye urefu na uzito ule ule ulionao, basi habari ya Pope imeingia mashakani papo hapo. Barua hiyo ina faida nyingine pia: sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inazihesabu kuwa za kale bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa na kiwanda inakusaidia kujua bunduki yako iko upande gani.

Baada ya karatasi, mtutu wenyewe, na hapa ndipo panapohitaji subira. Ondoa ule ubao wa mbele kwa bisibisi inayolingana barabara na skrubu, kisha angalia chini ya mtutu kwa taa ya pembeni. Herufi za mwanzo za jina, namba ndogo, alama za tupa, vyote hivyo ni ushahidi kwa sababu fundi hakutarajia mteja avione. Tazama pia kama kuna mhuri wa herufi WP ndani ya duara la yai, ambao Winchester ilianza kuugonga mwaka 1905. Ukiukuta kwenye mtutu, mtutu huo ni wa Winchester na ni wa mwaka 1905 au baadaye. Ukiukuta kwenye mtambo pekee, mtutu ukiwa hauna, jiulize kwa nini. Kumbuka kwamba Marekani haijawahi kuwa na sheria ya kulazimisha silaha zipimwe na kugongwa mhuri wa serikali kama ilivyo Uingereza au Ujerumani, kwa hiyo ukosefu wa mihuri ya serikali hautuambii lolote.

Sasa tuje kwa Pope, kwa kuwa ndilo jina ulilouziwa. Harry Pope alizaliwa mwaka 1861 na kuanza kujulikana akiwa Hartford, Connecticut. Mitutu yake ilikuwa na mifereji minane iliyokatwa ndani ili kuizungusha risasi, inayozunguka kuelekea kushoto, na msokoto wake haukuwa wa kasi moja: ulianza polepole karibu na chumba cha risasi na kuongezeka kuelekea mdomoni. Mtutu wa kawaida wa Winchester wa .32-40 una mifereji sita inayozunguka kuelekea kulia, mzunguko mmoja kwa kila inchi 16 toka mwanzo hadi mwisho. Tofauti hizi unaweza kuzipima mezani kwako. Chukua ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka kwa uhuru, uufunge kitambaa kinachobana, uutie alama, kisha usukume polepole huku ukipima umbali unaohitajika ili ufito ufanye nusu mzunguko. Rudia upande wa chumba na upande wa mdomo. Umbali ukiwa sawa pande zote mbili, msokoto hauongezeki, na mtutu ulioletwa kwa jina la Pope ukiwa na msokoto sawa wa kwenda kulia nauweka kando bila mjadala mrefu. Kwa kina cha mifereji, mimi hupitisha gololi laini ya madini ya risasi iliyopakwa mafuta, halafu huhesabu na kupima alama zilizojichora juu yake.

Hata hivyo mifereji minane ya kushoto peke yake haitoshi, kwa sababu wapo mafundi wengine waliojua kuikata. Pope kwa kawaida alitia jina lake juu ya mtutu, na jina la mji likiandikwa pamoja nalo hutusaidia kukisia miaka. Mwaka 1901 aliingia mkataba na kampuni ya Stevens na kuhamia huko, akaondoka miaka michache baadaye. Mwaka 1906 alifungua karakana San Francisco, tetemeko na moto wa mwaka huo vikaimaliza. Kisha mwaka 1908 akakaa Jersey City, ambako alifanya kazi kwa miongo mingi, hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1950. Tahadhari ya Stevens ni muhimu: kampuni iliendelea kuuza mitutu yenye majina yote mawili, Stevens na Pope, hata baada ya mwenyewe kuondoka, ikikatwa na watu aliowafundisha. Ni mitutu mizuri, lakini bei yake haipaswi kuwa ile ya mtutu uliotoka mikononi mwake, na wauzaji wengi hawaitaji tofauti hiyo isipokuwa wakiulizwa.

Kuna kifaa kimoja ambacho ukikipata kitakuambia mengi kuliko mhuri. Walenga shabaha wengi wa Pope walitia ganda lenye baruti kwa nyuma, lakini risasi yenyewe waliisukuma kutoka mdomoni mwa mtutu. Ili mdomo usiharibike, fundi alikata kipande kifupi cha mtutu ule ule na kukitilia pini, kikawa kinarudi mahali pake pale pale wakati wa kushindilia na kuondolewa kabla ya kupiga. Kwa kuwa kipande hicho kilitokana na mtutu huo huo, pembe zake za nje na mifereji yake ya ndani lazima viendelee bila kupishana hata unywele. Kama bunduki yako ina matundu manne madogo kwenye uso wa mdomo, ilikuwa na kipande hicho, na inafaa urudi kwa familia ya marehemu ukaulize kwa upole kuhusu masanduku ya vifaa, kalibu za kusubia risasi na makopo ya skrubu yaliyosahaulika gereji.

Kwa nini jina la Pope linatajwa ovyo kiasi hiki? Mwaka 1901, huku huku Colorado, mjini Boulder, C. W. Rowland alipiga risasi 10 kwa yadi 200 zikakaa ndani ya inchi 0.725, kwa mtutu wa Pope wa .32-40. Habari ya namna hiyo haizeeki, na kila mwenye mtutu mzito usio na jina angependa uwe ndugu wa ule. Lakini mafundi walikuwepo wengi. Denver ilikuwa na George Schoyen, mzaliwa wa Norway aliyewahi kufanya kazi na fundi wa bunduki Carlos Gove, na baadaye Axel Peterson. Syracuse, New York, ilikuwa na A. O. Zischang. Kwa maoni yangu kazi ya Schoyen haipungui hadhi yoyote, na mkusanyaji anayeidharau kwa sababu si Pope ananunua jina badala ya chuma.

Ile bunduki yangu ya .38-55 iliyogeuzwa haikuwa na jina la fundi. Nilipofungua bamba la chuma la kitako nilikuta jina la mtu limeandikwa kwa penseli juu ya mbao, na jina la mji. Jina hilo lilinipeleka kwenye vitabu vya orodha ya wakazi wa Denver katika maktaba ya umma ya jiji, ambavyo vinaonyesha mwaka kwa mwaka nani aliishi wapi na kufanya kazi gani, kisha kwenye mkusanyo wa magazeti ya kale ya Colorado unaosomwa bure kwenye mtandao, ambako matokeo ya mashindano yalichapishwa. Mwenye bunduki nilimpata, akiwa miongoni mwa wapigaji wa klabu moja ya Denver. Fundi hakutajwa. Lebo ninayoifunga kwenye bunduki hiyo inasema: mtambo wa Winchester, mtutu wa fundi asiyejulikana, inaelekea wa Denver. Wenzangu wamenishauri niandike Schoyen, nami nimekataa.

Jambo la bunduki zilizogeuzwa karne ya 20 nitalipitia haraka, kwa kuwa lako ni la .32-40. Miaka ya 1930 mitambo mingi ya aina yako ilifungiwa mitutu midogo ya kasi, kama ya .22 Hornet, na kazi nzuri ilitoka katika karakana ya Niedner huko Dowagiac, Michigan. Kwa mwingine aliyeuliza kuhusu Farquharson, bunduki ya risasi moja ya Uingereza, hali ni tofauti na kwa namna fulani rahisi zaidi: hataza ni ya mwaka 1872, mtengenezaji mkuu alikuwa George Gibbs wa Bristol, na mihuri ya upimaji ya Birmingham au London inakupa kipindi, kwa kuwa Birmingham ilibadilisha mihuri yake mwaka 1904. Lakini jina la duka juu ya mtutu wa Kiingereza linaweza kuwa la muuzaji tu aliyeagiza bunduki kwa mafundi wa jumla. Kwa sisi wa Afrika Mashariki aina hiyo ina historia ya karibu, kwani mwindaji Mwingereza Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho, Tanzania ya leo, mwaka 1917, aliwinda kwa miaka mingi na bunduki ya Gibbs ya mtambo wa Farquharson.

Kama mtutu wako utakuwa na jina lililofichwa na kutu, usilisugue kwa msasa wala usipake upya rangi ya buluu. Mhuri wa kughushi hutambulika kwa kingo zake: herufi iliyogongwa juu ya chuma kilichokwisha zeeka huinua ukingo mkali unaong'aa, na chini yake chuma ni kisafi kuliko pembeni. Ukishasugua, ushahidi huo umeondoka, uwe wa kweli au wa uongo. Wala usiipige kabla fundi mwenye ujuzi wa vyuma vya enzi ya baruti nyeusi hajakagua chumba na mtambo.

Tuma hapa idadi ya mifereji, upande wa msokoto, vipimo viwili vya ufito, na picha ya uso wa mdomo iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Namba ya bunduki usiiweke hadharani. Waandikie watu wa Cody moja kwa moja.