Maswali na Majibu: Sifuri Hizo Umezitoa Wapi?

Nimepiga 2⁶⁷ − 1 kwenye Excel nikapata 147573952589676000000. Mbona ni shufwa wakati nimetoa 1? (Mhasibu, Mwanza)

Kwa sababu hiyo siyo namba yako. Excel hushika tarakimu 15 tu, zinazobaki inazijaza sifuri bila hata kukuomba radhi. Namba halisi ina tarakimu 21: 147573952589676412927. Piga 2⁶⁷ kavu, bila kutoa 1, uone kama sifuri hazitakuwa zilezile. Na wewe ni mhasibu! Namba yoyote ya kumbukumbu inayozidi tarakimu 15 iingize kama maandishi, la sivyo mkia wake utaliwa na hutajua.

Namba ikiishia na 7 ni tasa?

27.

Je, 1 ni namba tasa?

Hapana. Tasa ina vigawo viwili, 1 ina kimoja. Atakayeniuliza tena swali hili simjibu.

Nimesoma kwamba mwanahisabati Lucas alijua 2⁶⁷ − 1 si tasa bila kupata kigawo hata kimoja. Inawezekanaje? (Kidato cha sita, Moshi)

Ahsante mwanangu, angalau mmoja amesoma kabla ya kuuliza. Mersenne, mtawa Mfaransa, aliiweka kwenye orodha yake ya tasa mwaka 1644, na Lucas akamkosoa mwaka 1876. Wazo lake tulionje kwa namba ndogo. Mwanahisabati Fermat alituachia kanuni: p ikiwa tasa kubwa kuliko 2, ukiipa 2 kipeo cha p − 1 kisha ukagawa kwa p, hubaki 1. Chukua 15. 2¹⁴ ni 16384, na ukiigawa kwa 15 hubaki 4. Basi 15 si tasa, na 3 na 5 hatujazigusa. Moshi umeuona, mpishi bado.

Ila usigeuze kanuni kichwa chini, kosa ninaloletewa kila wiki. 341 nayo hubakiza 1, kumbe ni 11 × 31. Hata 2⁶⁷ − 1 hupenya kipimo hicho, ndiyo maana Lucas alihitaji kipimo kikali zaidi.

Vigawo vyenyewe alivileta mwanahisabati Frank Nelson Cole, New York, Oktoba 1903: 193707721 × 761838257287. Husimuliwa kwamba alizidisha ubaoni bila kutamka neno, akarudi kukaa, na kwamba kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu. Wala hakuwa akibahatisha: kila kigawo tasa cha namba hii ni kigawe cha 134 ukiongeza 1. Nyinyi mnaonitumia tarakimu thelathini saa nne usiku mkitaka "vigawo fasta", zihesabuni hizo Jumapili.

Namba tasa zitanisaidia kwenye mkeka wa wikendi?

Hapana. Na huyo anayekuuzia "fomula ya tasa" WhatsApp, kabla hujamtumia pesa muulize kama 91 ni tasa.