Nyinyi wa timu mpya ya websaiti, kabla hamjabandika hizo batani

Sikizeni wadogo zangu. Ule mjadala wenu wa kuunganisha websaiti ya jamii yetu ya Mombasa na mitandao kama Facebook nimeusoma wote usiku nikabaki kushika kichwa, maana yote mnayoyataka sisi tulishayataka, tukayafanya, na mengine mpaka leo twafagia vigae vyake. Wazee wasema mkiweka Facebook humu patageuka soko, nyinyi mwasema tusipoweka websaiti itakufa, na kila upande una haki yake lakini hamsikizani, kwa sababu mmechanganya mambo manne yasiyohusiana: kushea, kulogini, kukomenti, na kuvuta posti za nje kuja kwetu. Ati mwataka kupiga kura moja kwa yote manne! Tafadhalini, gaweni kwanza.

1. Kabla ya batani yoyote, wekeni tagi za Open Graph, yaani maandishi yaliyofichwa ndani ya ukurasa yanayoiambia mitandao ionyeshe nini linki ikitumwa. Kichwa, maelezo mafupi na picha, basi, na picha iwe pikseli 1200 kwa 630. Watu wetu hawabonyezi batani ya kushea, wao wakopi linki waitupa kwenye grupu la WhatsApp la familia, na kinachotokea pale ni hiyo preview, kile kipicha na kichwa kinachotokea juu ya linki. Ukurasa usio na picha yake utachukua ile picha ya kawaida ya websaiti, na yetu ilikuwa ya karamu ya Idi, watu wameshika sahani za biriani meno yote nje. Sasa mtu kaposti tanzia. Linki yazunguka kutoka Likoni mpaka Kisauni, "Tumeondokewa na mama yetu mpenzi", na juu yake biriani. Mkishabadilisha picha, ipitisheni linki kwenye Sharing Debugger ya Facebook isomwe upya, la sivyo kule itaendelea kutoka ile ya zamani na mtadhani kodi yenu ya programu ina jini.

2. Batani za kushea ziwe linki tupu. Linki ya WhatsApp ni wa.me na maandishi yako mbele, haihitaji skripti, yaani programu, ya mtu wa nje. Hizo plagini (programu za kubandika) za batani saba saba zavuta skripti za nje kila ukurasa ukifunguka, zakula bando la mama wa watu aliyekuja kutazama saa ya maziko tu, na zaidi ya hapo, ile batani ya Like ya Facebook tangu ilipotoka 2010 ilikuwa ikimpasha Facebook habari za mgeni wako hata asipoigusa. Mahakama ya Ulaya iliamua 2019 kwamba mwenye websaiti aliyebandika batani ile naye ana jukumu lake kwa data inayokusanywa na kupelekwa Facebook, na sisi Kenya tuna Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka huohuo wa 2019, na wanachama wetu wako mpaka London, kwa hivyo msinambie "hiyo ni ya wazungu". Halafu batani hufa, nani azikumbuka kuzitoa? Google+ ilifungwa Aprili 2019 na alama yake nimeiona juzi chini ya ukurasa wetu, nyekunduu, yangoja kubonyezwa.

3. Logini. Hapa kaeni kitako.

Mmoja wenu ameandika "tutoe pasiwadi kabisa, watu waingie na Facebook, wazee hawakumbuki pasiwadi". Mwanangu, maneno hayo niliyasema mimi, neno kwa neno, barazani, na nikapigiwa makofi. Na kweli wazee hawakumbuki pasiwadi. Kodi yangu ilikuwa fupi na tamu: mtu akiingia kwa Facebook chukua imeili yake, itafute kwenye databesi, ukiipata mwingize, usipoipata mfungulie akaunti mpya. Nikaijaribu kwa akaunti yangu, nikawapa wenzangu wa kazini wakajaribu, kila kitu sawa, nikaenda kulala.

Sasa niambieni, mama zetu na babu zetu nani kati yao alifungua Facebook kwa imeili? Wamefunguliwa na wajukuu, kwenye simu, kwa namba ya simu. Mtu kama huyo akiingia, Facebook yaleta jina lake na ID yake (namba yake ya utambulisho), imeili haiji kwa sababu haipo. Kwenye kodi yangu ikawa tupu. Wa kwanza kuingia na imeili tupu alikuwa mzee mmoja wa Kibokoni, mtu mwenye heshima zake, hajawahi kuandika humu ila "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" chini ya tanzia. Kodi ikatafuta imeili tupu, haikupata, ikamfungulia akaunti. Akaja wa pili asiye na imeili. Kodi ikatafuta imeili tupu... ikampata mzee. Ikamwingiza. Akaja wa tatu. Wote wakawa mzee.

Asubuhi naamka mzee anauza tairi za tuktuk. Mzee anauliza nani ana namba ya fundi wa friji Bondeni. Mzee yuleyule anabishana na mzee yuleyule juu ya penalti, na watu wanashangaa, huyu babu vipi leo? Mimi nikacheka! Nikadhani kijana wake amechukua simu. Nilicheka mpaka chakula cha mchana.

Kumbe kulikuwa na ujumbe wa faragha. Mzee alikuwa na maongezi ya posa ya binti yake na familia moja ya Nyali, mambo yamefika kwenye mahari, na upande wa pili wakaandika kwa adabu zote, "Sheikh, tumekaa na wazee wenzetu, twangoja neno lako." Ujumbe ukafunguliwa na mama mmoja wa Majengo, yeye ajua ameingia kwenye akaunti yake, aona watu asiowajua wamuuliza habari ya posa, akajibu kistaarabu kabisa: "Samahanini, mimi sina binti wa kuoza."

Acheni tu. Simu zilipigwa Mombasa nzima. Nilizima logini, nikanunua halua nikaenda Kibokoni kwa miguu nikiwa nimekauka mate, nikamueleza mzee mambo ya imeili tupu na databesi, naye akanisikiza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa akaniuliza, "Kwa hivyo humo ndani mimi ni nani sasa?" Sikuwa na jibu. Posa ilitengemaa, alhamdulillahi, wale wa Nyali walikuja wakaelezwa na mimi nikiwa pale nimeinamisha uso, lakini mzee hakuingia tena kwenye websaiti mpaka leo, na watu waliosoma ujumbe usiokuwa wao siwezi kuwasahaulisha.

Basi mfanye hivi: mtambulisheni mtu kwa ID inayotoka kwa mtandao wenyewe, imeili ikija ichukueni kama zawadi, isipokuja muulizeni. Msiunganishe akaunti mbili kwa sababu tu imeili zafanana. Ile apu yetu tuliyoisajili kule kwa Facebook kwa ajili ya logini msiifute mkaunda nyingine "safi", kwa sababu ID hutolewa kwa kila apu mbali, apu mpya na watu wote wawa wageni. Na mlango wenu wenyewe uwepo daima, namba ya simu na kodi ya SMS yatosha. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook na WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja kwa muda wa kama saa sita, kwetu ilikuwa jioni mpaka usiku mwingi, na websaiti yoyote iliyotegemea logini ile peke yake wenyewe walikaa nje wakigonga.

4. Komenti zibaki kwetu. Najua komenti za Facebook zilikuwa na watu wengi na majina ya kweli (majina ya kweli, haya), lakini zile zilikaa kwao si kwetu. Novemba 2025 Meta walitangaza kwamba plagini ya Like na ya komenti kwa websaiti za nje mwisho wake ni tarehe 10 Februari 2026. Dua zilizoandikwa chini ya tanzia, watoto wa marehemu huzirudia kuzisoma miaka na miaka. Hizo utazitoa wapi?

5. Fidi ya Instagram, yaani posti za kule zikijileta zenyewe, kwenye ukurasa wa mbele: hapana. Waliotumia Basic Display API, ule mlango wa Instagram wa websaiti kuvutia posti, walikatiwa Desemba 2024, wale wa Twitter (sasa X) wakaondolewa API ya bure ya kuvuta posti 2023, na kilichobaki ni boksi jeupe katikati ya ukurasa. Pakieni picha zenyewe kwetu, halafu linki mpeleke kule, siyo kinyume.

6. Mkija kupiga kura, pigeni nne. Mimi kushea ndiyo, logini ndiyo kama mlango wa pili, komenti hapana, fidi hapana. Na wazee msiwaambie "itarahisisha mambo", waonyesheni kwenye simu zao wenyewe, tena kwa bando si kwa wifi ya ofisi.

7. Hili hakuna aliyelitaja mjadala mzima nami nashangaa: nani ana funguo za ile peji yetu ya Facebook? Muwe maadmini wawili au watatu, na siri ya apu (pasiwadi ya ile apu ya logini) isikae kwenye simu ya mtu. Kwa sasa admini ni mmoja, yuko Doha, na meseji zangu zote zina tiki mbili za buluu. Mwenye kumjua mamake anipe namba.