Jambo dogo, neno baya

Shikamoo mwalimu. Nilimwandikia bosi wangu kwamba malalamiko yake ni "petty", nikikusudia madogo. Tangu hapo hanisemeshi. Nimekosea nini?

Marahaba. Umemtukana, ndicho ulichokosea. Neno hilo la Kiingereza limetoka kwenye "petit" ya Kifaransa, na zamani halikuwa na ubaya wowote. Maana ile ya kale bado ipo: "petty cash" ni fedha za matumizi madogo madogo ya ofisi, na "petty officer" ni cheo halali cha wanamaji, wala hakuna anayenuna. Lakini ukilibandika kwenye malalamiko ya mtu, hupimi tena jambo, unampima mwenyewe: kwamba ana roho ndogo na anashikilia upuuzi. Ungeandika "minor" pengine mngekuwa mnasalimiana. Nasema pengine, kwa sababu anayelalamika hapendi kuambiwa na mlalamikiwa kwamba jambo lake ni dogo, kwa lugha yoyote ile. Mwombe radhi kwa maneno ya kawaida, na kamusi ya visawe uiweke mbali siku hiyo.

"Trivial" na "minor" si kitu kimoja?

Swali hili haliishi kuja, na kila anayeuliza ametoka kusoma orodha ya visawe. "Minor" inakubali kuwa jambo lipo, ila yapo makubwa kuliko hilo: jeraha, kasoro, marekebisho. "Trivial" inatoa hukumu: halistahili hata muda wako. Daktari akikwambia jeraha lako ni "minor", shukuru. Akiliita "trivial", anakuona msumbufu. Wanahisabati peke yao ndio wenye ruhusa. Kwao ni jambo lililo wazi mno kuhitaji uthibitisho, ingawa mwanafunzi aliyekesha nalo huumia vilevile.

Niandike "miniscule" au "minuscule"?

"Minuscule", yaani dogo mno. Ina "minus" ndani yake.

Je, "minor than" ni sahihi?

Hapana. "Minor" ilikuja kutoka Kilatini ikiwa tayari na maana ya "dogo zaidi". Andika "less serious than" uendelee na kazi.

Nilimshukuru mfadhili kwa msaada wake "invaluable". Rafiki yangu anasema nimemtusi, kwa kuwa "in-" hukanusha.

Rafiki yako asiguse tena barua zako. Kinachokanushwa ni uwezekano wa kukadiria thamani, si thamani yenyewe. Msaada wake haukadiriki, na "priceless" iko njia hiyohiyo. Tusi ni "worthless".

Utafiti wangu umetoa matokeo "insignificant". Naweza kuandika kwamba dawa haifanyi kazi?

Usithubutu. Hapa neno la mtaani na neno la takwimu yamegongana, na wanaoumia ni wasomaji. Katika takwimu, "significant" haina maana ya kubwa wala muhimu. Ina maana kwamba matokeo kama hayo yasingetarajiwa kwa urahisi kama ingekuwa bahati tu. Pima watu maelfu, na nafuu ndogo isiyohisiwa na mgonjwa yeyote itapata sifa hiyo. Pima watu wachache, na nafuu kubwa inaweza kuikosa. Kile kiwango cha 0.05 mnachokiabudu, yaani matokeo ambayo bahati tu ingeyatoa chini ya mara 5 kati ya 100, mwanatakwimu Ronald Fisher alikieleza katika kitabu chake cha 1925 kuwa ni kiwango kinachofaa kwa urahisi tu, na mwaka 2016 chama cha wanatakwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko kuhusu matumizi yake mabaya. Andika "not statistically significant", kisha useme tofauti ilikuwa kiasi gani na ulipima watu wangapi. Ukitaka kusema tofauti yenyewe ni ndogo ya kupuuzwa, neno lipo: "negligible". Ila uwe na namba ya kulitetea.

Na "a moot point"?

Kwa Mwingereza, mara nyingi ni jambo lenye kubishaniwa. Kwa Mmarekani, ni jambo ambalo halina haja tena ya kubishaniwa. Kwenye mkataba, likimbie.

Nimekutana na "floccinaucinihilipilification". Naweza kuliweka kwenye insha ya mtihani?

Lina herufi 29, limekuwepo tangu karne ya 18, na maana yake ni kukiona kitu hakina thamani. Mtahini ataifanyia insha yako hivyohivyo.