Ukiona ndege wa maji mgeni, kitabu baadaye

Nyie mnaoanza kurekodi ndege wa maji niwaambie kitu nilichochelewa kukijua: ukiona ndege asiyetakiwa kuwepo hapo usikimbilie kitabu wala app, andika kwanza. Mi niliwahi kuona kitwitwi (hawa ndege wadogo wa kwenye tope) wa ajabu nikafungua kitabu fasta, nikapata jina, ndo nikaandika "miguu ya njano", kumbe nilivyokuja kukuza picha nyumbani miguu ni kijani iliyopauka, ile njano niliitoa kitabuni! Wanaokagua rekodi wakaikataa na walikuwa sahihi kabisa.

Kwahiyo kama mkono mzito jirekodi sauti kwenye simu hapohapo, sema saa, umbali, jua lilikuwa upande gani, mdomo umenyooka au umepinda, na ukubwa wake mlinganishe na ndege aliyesimama jirani maana akiwa peke yake kwenye tope macho yanadanganya mno. Miguu nayo angalia mara mbili, kuna yangeyange mwenye vidole vya njano ila akitoka topeni unaapa ni vyeusi. Picha piga hata kama ina ukungu, hasa akiruka, kwa hawa vitwitwi ile rangi nyeupe ya mgongoni na mkiani inamaliza ubishi mwingi.

Halafu jiulize amefikaje. Kimbunga kinaweza kumbeba, kimbunga Idalia kilipiga Marekani Agosti 2023 na baada yake heroe (flamingo) wakaonekana mpaka jimbo la Ohio ambako si kwao, sasa mtu wa Ohio angesema tu "nimeona heroe" bila kutaja kimbunga nani angemwelewa? Au katoroka alikofugwa, mabata na heroe ndo wasumbufu kwenye hili. Tazama manyoya ya bawa kama yamekatwa, kama haogopi watu, kama ana pete mguuni. Ila pete peke yake haimaanishi katoroka, watafiti nao wanawavalisha wa porini, we isome namba. Kuna heroe alitoroka bustani ya wanyama Kansas mwaka 2005 akawa anaonekana Texas miaka na miaka, namba 492 ya mguuni ndo iliyomtambulisha.

Na usimsogelee sana ili upate picha kali, akiruka akapotea wenzako hawatamwona.

Jina likikushinda andika "kitwitwi, aina haijajulikana" utume hivyohivyo. Yule wangu kwenye daftari anasomeka hivyo mpaka leo.