Visima vya Shela: kutoka R kwenda QGIS

Kaka, kuhamisha vipimo vyako vya chumvi ya visima vya Shela, kule Lamu, kutoka R (lugha ya kuchakata data) kwenda QGIS (programu ya ramani) hakuhitaji kupitia CSV, faili la jedwali la maandishi matupu. Pakia sf, kifurushi cha R cha data za ramani, geuza jedwali kwa st_as_sf ukitaja coords = c("lon", "lat") na crs = 4326 (namba ya mfumo wa longitudo na latitudo kwa digrii), kisha st_write kwenye faili la GeoPackage, yaani faili moja la data za ramani. Liburute ndani ya QGIS, basi. Shapefile, muundo wa zamani wa faili za ramani, achana nayo: jina la safu likizidi herufi 10 linakatwa, na "kiwango_cha_chumvi" hutalitambua tena.

Panapowasumbua wengi ni mpangilio wa namba. Longitudo hutangulia, kwa hiyo Lamu ni kama 40.9, -2.27. Ukizigeuza, visima vyote vinahamia Uhispania, kaskazini mashariki ya Madrid! Ukisahau ile alama ya kutoa, vinatua kaskazini mashariki ya Wajir.

Ipo pia qgisprocess, kifurushi kingine cha R, inayoiwezesha R kuendesha zana za QGIS moja kwa moja. Kwa visima vichache hivyo, naona ni kumwita fundi wa jahazi aje kuziba ndoo. Ila ukitaka umbali wa kila kisima hadi baharini kwa mita, geuza kwanza kwa st_transform hadi 32737, mfumo wa UTM kanda ya 37 Kusini unaopima kwa mita.