Maswali na Majibu: Mafunzo ya Watumishi wa Maktaba za Vyuo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkutubi msaidizi katika maktaba ya chuo kimoja jijini Mbeya. Kila inapotangazwa semina, mara nyingi Dar es Salaam au Dodoma, huteuliwa mtu mmoja, na aghalabu ni yule yule. Hurudi na cheti na makabrasha, kisha kazi inaendelea kama zamani: programu ya Koha, tunayoitumia kuorodhesha na kuazimisha vitabu, anaifahamu vizuri yeye peke yake, na akiwa likizo sisi tunaazimisha vitabu kwa daftari. Tutaendelezwaje iwapo chuo kinasema hakina fungu?

JIBU: Ndugu msomaji, chuo chenu kimeyafanya mafunzo kuwa safari ya mtu mmoja, na hapo ndipo penye kosa. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, hivyo nauli, malazi na posho za mtumishi mmoja huweza kumaliza fungu lote, na ninaelewa kwa nini uongozi husita kumtuma wa pili. Hata hivyo, anayetumwa asihesabiwe kuwa amemaliza mafunzo siku anapokabidhiwa cheti. Mkuu wa maktaba ampe barua kabla hajaondoka, inayotaja tarehe atakazowafundisha wenzake, na ripoti yake isipokelewe mpaka angalau mwenzake mmoja aweze kuifanya kazi hiyo bila kusimamiwa.

Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, haina ada ya leseni. Mwombeni mtaalamu wa TEHAMA wa chuo awawekee nakala ya pili kwenye kompyuta isiyotumika sana, ili mjifunze bila hofu ya kuharibu kumbukumbu halisi. Kisha chukueni kitabu kimoja kinachosubiri kuorodheshwa, tuseme cha sarufi ya Kiswahili. Katika fomu ya kuorodheshea, jina la mwandishi huingia sehemu yenye namba 100, jina la kitabu 245, na namba ya Dewey, yaani ile inayoonyesha mada ya kitabu na rafu yake, huingia 082. Kwa namba za Dewey, lugha ya Kiswahili ni 496.392, fasihi yake ni 896.392, anayezichanganya hupeleka sarufi kwenye rafu ya riwaya, na mwanafunzi wa ualimu huondoka akiamini kuwa maktaba haina kitabu hicho, ilhali kimo. Jadilianeni pia majina ya waandishi wetu, maana mwandishi mmoja akiandikwa mara kwa jina la ukoo, mara kwa jina lake la kwanza, vitabu vyake hutawanyika katika orodha, na kosa hilo hugunduliwa haraka zaidi watu watatu wanapokaa mbele ya kompyuta moja.

Kuhusu muda, miongozo ya Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba inapendekeza takriban asilimia 10 ya saa za kazi zitengwe kwa mafunzo, yaani saa nne katika wiki ya saa 40. Kwa maktaba yenye watumishi wachache, naona ni busara kuanza na saa mbili, nje ya majuma ya mitihani, huku mmoja akibaki kaunta kwa zamu. Ombeni kwa maandishi. Tena, mpango wa Research4Life, unaoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya kisayansi bure au kwa gharama nafuu, hutoa mafunzo yake kwa njia ya mtandao, kwa hiyo hayo hayahitaji nauli.

SWALI: Nimeajiriwa maktaba ya chuo, Iringa, nikiwa na cheti cha kidato cha sita tu. Je, mafunzo ya ndani yanatosha kunipandisha daraja?

JIBU: Hayatoshi. Yatakupa ujuzi, lakini kupanda daraja hutegemea sifa zilizotajwa katika muundo wa utumishi, na huko kinachoangaliwa ni cheti kinachotambuliwa. Chuo cha Ukutubi cha Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, hutoa astashahada na stashahada. Kabla hujaomba nafasi, pata barua ya mwajiri inayoeleza kama mshahara utaendelea ukiwa masomoni, nani atalipa ada, na utarudi katika cheo gani. Ahadi ya mdomo mara nyingi huondoka na kiongozi aliyeitoa.