Kituo kina asilimia 83, mbona wajawazito wanakipita?

SWALI: Assalamu alaykum, daktari. Mimi ni afisa takwimu katika timu ya afya ya wilaya, huku Wete, Pemba. Tumeambiwa tupime uwezo wa vituo vyetu kabla ya kupanga bajeti, na tumetumia dodoso la utayari wa huduma la Shirika la Afya Duniani. Kituo kimoja, jina nalihifadhi, kimepata asilimia 83 na kimekuwa cha pili wilayani. Lakini wajawazito wa shehia hiyo hiyo wanakipita, wanakwenda kujifungulia spitali. Wenzangu wanasema wananchi hawana imani, waelimishwe. Mimi nina shaka na kipimo chenyewe. Jedwali nimeliambatanisha. Nipime vipi?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Shaka yako ina msingi, na naomba uishikilie mpaka kikao cha bajeti. Kabla hamjawatuma watu wakawaelimishe akina mama, tuufungue kwanza huo wastani.

Dodoso hilo linagawa utayari katika mafungu matano: huduma za msingi za jengo kama umeme, maji, choo na chumba cha faragha, vifaa vya msingi, kinga ya maambukizi, vipimo, na dawa muhimu. Kila fungu linapewa asilimia yake, yote yanajumlishwa, kisha yanagawanywa kwa tano. Kituo chako kina 86, 100, 100, 50 na 80. Jumla ni 416, wastani 83. Hesabu umeipata sawa. Lakini angalia lile fungu lenye 50: vipimo vinne kati ya vinane havipo, na miongoni mwa hivyo vinne kuna kipimo cha protini kwenye mkojo na cha wingi wa damu. Mizani na kipimajoto vimekipandisha kituo alama, na alama hizo zimefunika pengo ambalo kwa mjamzito ni kubwa kuliko yote. Mama haji na mahitaji ya wastani. Anakuja na tatizo moja, na tatizo hilo linataka vitu kadhaa viwepo vyote, saa ile ile.

Kwa hiyo nakushauri: dodoso liache kama lilivyo, maana linasaidia kulinganisha wilaya na wilaya, lakini ongeza juu yake kazi nyingine. Chagua matatizo matatu au manne yanayoua, kisha lifuate kila moja kutoka mlangoni mpaka mgonjwa anapotoka au anapopewa rufaa.

Chukua kifafa cha mimba. Mama anaingia saa nane usiku, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu. Uliza: nani anamfungulia mlango? Mashine ya presha ipo? Usiridhike na kuonyeshwa. Ifunge mkononi mwako, ipandishe, uone kama inashikilia upepo. Kipimo cha mkojo kipo, na tarehe yake haijapita? Magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa hicho, ipo, na ni ya kutosha dozi nzima ya kuanzia, yaani gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako? Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuokoa pale magnesiamu inapozidi mwilini, ipo karibu au imefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda Chake? Kisha mwombe mkunga wa zamu akueleze hatua kwa hatua atakavyoichanganya. Usimuulize kama anajua, maana atakujibu ndiyo, na wala si uongo, ni heshima na hofu ya mkaguzi. Mwambie tu: nionyeshe. Mwisho uliza gari itatoka wapi, nani anapigiwa simu, na nani atakaa na mama njiani.

Kituo hakitakiwi kumaliza matibabu yote ya mama huyu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kituo kisichoweza kutoa dozi zote kimpe ile ya kuanzia, kisha kimhamishe haraka. Lakini kiungo kimoja cha mnyororo huu kikikosekana, vingine vyote havimfai kitu. Basi hapa usichukue wastani. Andika ndiyo au hapana, na kama ni hapana, andika ni kiungo kipi.

Kwa uzazi kuna kipimo kingine ninachokiamini sana: usiulize kituo kinaweza nini, uliza kimefanya nini katika miezi mitatu iliyopita. Huduma za msingi za dharura ya uzazi zinazohesabiwa ni saba: antibiotiki ya sindano, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, dawa ya kifafa cha mimba, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, kutoa mabaki ya mimba, kuvuta mtoto kwa kifaa, na kumpumulisha mtoto aliyezaliwa bila kulia. Kwenye ngazi ya spitali huongezwa upasuaji na damu. Fungua rejesta uone zipi zimeandikwa. Ambayo haikufanyika, uliza sababu. Pengine hakutokea mama aliyeihitaji, na hilo si kosa la mtu. Pengine waliohitaji walipewa rufaa kwa sababu kifaa kimeharibika, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Kazi ambayo mkono haujaifanya mwaka mzima, hata mfunzwa mzuri huanza kuisahau.

Sasa watu, maana hapa ndipo naona mahesabu mengi yanapopotea. Njia inayopendekezwa ni kulinganisha mzigo wa kazi na muda alionao mfanyakazi. Mwaka una siku za kazi 260. Toa 28 za likizo, tuseme 15 za sikukuu, 6 za maradhi na 6 za mafunzo, zinabaki 205. Kwa saa saba kwa siku, mkunga mmoja ana saa 1,435. Upande wa kazi, tuseme kituo kina wajawazito 400 wa hudhurio la kwanza kwa nusu saa kila mmoja, mahudhurio 1,200 ya marudio kwa dakika 20, na akina mama 120 wanaojifungua, kwa saa nane kila mmoja. Hizo ni saa 200, 400 na 960, jumla 1,560. Ongeza muda wa ripoti, usafi na vikao, tuseme ni humusi, yaani moja ya tano, ya muda wao wote, unafika 1,950. Gawa kwa 1,435: mkunga mmoja na theluthi. Mpangaji akiona hivyo atasema wawili wanatosha, na wengine watasema wamezidi.

Lakini uchungu hauji kwa saa za ofisi. Mwaka una saa 8,760. Ukitaka mkunga mmoja tu awepo kituoni kila saa, usiku na mchana, Ijumaa na siku ya Idi, gawa 8,760 kwa 1,435 uone: ni wakunga sita. Baina ya hesabu ya wawili na hesabu ya sita ndipo akina mama wa shehia hiyo walipo. Mimi ningeanza hapo kutafuta jibu la swali lako. Kipitie kituo usiku, bila taarifa, hata mara moja tu, na uandike ulichokikuta. Halafu mwombe sheha na wahudumu wa afya wa jamii wakukutanishe na waliojifungua mwaka huu, uwaulize kwa upole kwa nini walikwenda spitali. Sitashangaa ukiambiwa kwamba mwenzao mmoja aligonga usiku na hakufunguliwa. Mama anayekumbuka hilo ana imani ya kutosha. Ameiweka mahali palipo na mtu.

Hesabu hiyo inaleta neno gumu, nalo ni bora lisemwe kwenu kabla halijaamuliwa na wengine. Si lazima kila kituo kizalishe. Mwongozo wa kimataifa wa 2009 unataka angalau vituo vitano vinavyotoa huduma za dharura ya uzazi kwa kila watu 500,000, kimoja wapo kikiwa na upasuaji na damu. Pemba nzima, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya 540,000. Kwa maoni yangu ni bora wilaya iwe na vituo vichache vyenye wakunga sita na taa inayowaka, na vingine vifanye kliniki ya wajawazito vizuri sana na kutoa rufaa mapema, kuliko kila kituo kuwa na kitanda cha kuzalia na mkunga mmoja aliyechoka.

Ila hoja hiyo inasimama tu kama usafiri upo, na wilaya yako ina Kojani na Fundo. Dodoso linauliza kama kuna usafiri wa dharura, na jibu ni ndiyo, boti ipo. Kwa visiwa, hilo halitoshi. Uliza boti inaelea saa ngapi. Siku za bamvua maji yakipwa, chombo hubaki kwenye tope mbali na maji, na mama atabebwa au atasubiri. Uliza mafuta ananunua nani usiku, na kusi likivuma nani anakubali kuvuka. Pima muda wa safari wakati wa maji kupwa, si ule ambao nahodha anajisifia. Kwa wakaazi wa visiwa hivyo, chumba cha kusubiria uchungu karibu na spitali huenda kikaokoa wengi kuliko boti ya pili.

Mengine nayapitia kwa haraka. Dawa: usihesabu iliyopo siku ya ukaguzi, soma leja ya miezi mitatu uone ilikosekana siku ngapi. Oksitosini, ile dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, inataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ukiikuta kabatini wakati jokofu la chanjo liko chumba cha pili, waombe waiweke humo kwenye kisanduku chake, iandikwe wazi. Takwimu: hesabu upya rejesta ya mwezi mmoja, linganisha na ripoti iliyotumwa wilayani; tofauti ikizidi asilimia 10, usijenge bajeti juu ya namba hizo.

Na kwenye kikao usipeleke orodha ya wa kwanza mpaka wa mwisho. Kwa kila kituo peleka ukurasa mmoja: tatizo ulilolifuata, kiungo kilichokatika, nani anaweza kukiunga, na gharama yake. Vingine vitakuwa vya shilingi chache, kama pakiti za kipimo cha mkojo, na hivyo viagizwe wiki hiyo hiyo bila kusubiri mwaka wa fedha. Wakunga ni suala la wizara, nalo lipelekwe likiwa na ile hesabu ya saa 8,760 imeandikwa yote, mstari kwa mstari.